Mpango wa Mto Kitolo

Kila asubuhi Kasiva alianza na kazi zilezile. Alifagia uwanja, akawasha moto, akabandika chai. Baadaye alifungua zizi na kuwatoa mbuzi. Alikuwa mjane mwenye wajukuu, lakini mikono yake ilikuwa bado na nguvu. Jioni alisuka vyondo, vikapu vya mkonge, vya kuuza katika soko la Matiliku.

Nyumba yake ilikuwa karibu na Mto Kitolo, katika kijiji cha Kwa Mbithe. Mume wake, Nzau, ndiye aliyeijenga. Alifyatua matofali mwenyewe kwa udongo wa mtoni. Wakati huo Kasiva alikuwa ameolewa juzi tu, naye alimletea maji ya kukandia udongo. Nzau alipomaliza nyumba, alipanda michungwa nyuma yake. Sasa Nzau alikuwa amekufa zamani, lakini michungwa ilikuwa bado inazaa.

Kitolo ni mto wa mchanga. Miezi mingi hauna maji yanayoonekana. Watu huchimba shimo kwenye mchanga, wakangoja, na maji safi yakajaa taratibu. Wakati wa ujana wa Kasiva, wanawake walijaa pale kila siku. Walichimba na kuimba. Walipeana habari za ndoa na za watoto. Aliyemaliza kuchota hakuondoka, alikaa kuwangoja wenzake.

Jambo moja tu liliwafanya wakimbie. Kitolo unaweza kuja ghafla hata kama jua linawaka. Mvua hunyesha mbali, kwenye milima ya Kilungu, na huku chini mtu haoni hata wingu. Kisha maji hufika kama ukuta, yamebeba miti na mawe.

Lakini siku zile watu walijua mapema. Juu ya mto, kwenye mgongo wa kilima, aliishi kijana mmoja aliyeitwa Mbuvi. Akiona maji, alipiga nduru. Mtu wa kilima cha pili alisikia, naye akapiga. Sauti iliruka kutoka kilima hadi kilima mpaka ikafika Kwa Mbithe. Wanawake walichukua watoto na vibuyu, wakapanda ukingoni. Wakakaa hapo juu na kuutazama mto ukipita.

Kasiva aliikumbuka sana sauti ile. Siku hizi haikusikika tena. Mbuvi alikuwa mzee. Nyumba nyingi za kilima cha pili zilikuwa na kufuli, kwa maana wenyewe walienda Nairobi na Mombasa. Malori nayo yalikuwa yamechota mchanga mwingi, na mto ulikuwa ukipita kwa kasi kuliko zamani.

Mwezi wa Novemba, siku ya jua kali, Kanyiva alishuka mtoni na punda. Kanyiva ni mke wa Musyimi, mtoto wa Kasiva. Yeye na mume wake walikaa juu kidogo, karibu na barabara. Alikuwa ndani ya shimo, anachota maji kwa kikombe, alipohisi mchanga unatetemeka. Aliinua kichwa. Maji yalikuwa yanapiga kona.

Kanyiva aliacha kikombe, akatoka shimoni akakimbia. Maji yalimpata magotini akiwa tayari ameshika mzizi wa mti ukingoni. Jiwe lilimpiga mguu. Alijivuta juu na kulala kifudifudi, anahema. Alipogeuka, punda hakuwepo.

Kasiva alisikia kishindo akatoka mbio. Alimkuta mke wa mwanawe amekaa chini, mguu unatoka damu, anatazama maji tu.

"Punda alikuwa amefungwa, mwaitu," Kanyiva alisema. Mwaitu ni mama kwa Kikamba. "Mimi ndiye niliyemfunga."

"Punda ni punda," Kasiva akajibu. Alivua kitambaa cha kichwa akamfunga mguu. "Wewe uko hapa."

Jioni Musyimi alikuja kwa mama yake. Hakukaa.

"Mwaitu, hapa si mahali pa kukaa tena. Njoo juu kwetu."

"Mimi siendi mahali."

"Mto utakuja mpaka hapa."

"Huu mto naujua kabla hujazaliwa," Kasiva alisema. "Baba yako alinileta katika nyumba hii. Nikitoka hapa, nitatolewa nikiwa maiti."

Musyimi aliwarudisha mbuzi zizini, akaenda zake.

Kabla ya mwezi kuisha, chifu aliita baraza katika darasa la shule ya msingi. Alikuja na mwanamke mmoja aliyevaa buti za mpira na kubeba mfuko wa majivu.

"Huyu ni Kaluki," chifu alisema. "Anafanya kazi ya kukabiliana na maafa katika kaunti. Nilimwambia habari ya Kanyiva."

Kaluki aliwasalimu kwa Kikamba, kisha akamwomba Kanyiva aeleze yaliyompata. Kanyiva alieleza.

"Nani alijua kwamba mto unakuja?" Kaluki akauliza.

Mzee Mbuvi, aliyekuwa ameegemea fimbo yake karibu na dirisha, aliinua mkono. "Mimi niliuona. Nilipiga nduru, lakini sauti yangu haifiki tena. Na huko kilimani waliobaki hawajui kuipokea."

"Una simu, mzee?"

"Ninayo. Lakini ningempigia nani? Nambari ninazo za watoto wangu tu, nao wako Nairobi."

Kaluki alitikisa kichwa polepole. "Basi habari ilikuwepo, ila haikuwa na njia ya kufika. Hiyo ndiyo kazi iliyonileta."

Kasiva aliuliza kutoka nyuma, "Kwani serikali inaweza kuzuia mto?"

"Hapana, mwaitu. Mto hauzuiliki. Lakini tunaweza kukubaliana mapema tutafanya nini ukija. Kaunti ina mpango wake. Inatenga fedha za dharura kila mwaka. Inapata habari za mvua kutoka kwa watu wa hali ya hewa na kuzipeleka kwa redio na simu. Inajua lori litatoka wapi na dawa zitatoka wapi. Lakini mimi nikiwa ofisini sijui nani hapa hawezi kukimbia. Sijui njia gani inajaa maji kwanza. Nyinyi mnajua. Kwa hivyo kila wadi inatengeneza mpango wake, na kila kijiji kinasema mambo yake. Leo ni zamu yenu."

Walitoka nje. Kaluki alimwaga majivu mchangani, akachora mto. Akawapa punje za mahindi. "Kila mtu aweke punje mahali pa nyumba yake," alisema. Halafu akawapa maharagwe. "Na nyumba yenye mtu asiyeweza kukimbia peke yake, weka haragwe juu. Mgonjwa, mama mjamzito, mtoto mchanga, mzee, kiziwi asiyeweza kusikia nduru."

Watu walichuchumaa, wakaanza kubishana na kucheka. Jirani aliyeitwa Mutunga alikuwa kiziwi. Aliona wanachofanya wenzake, akachukua haragwe na kuliweka mwenyewe juu ya punje yake. Kanyiva naye aliweka haragwe juu ya nyumba ya Kasiva.

Kasiva aliliondoa. "Mimi nakimbia," alisema.

Akaliweka kando, mchangani.

"Sasa tunataka kujua," Kaluki akaendelea. "Mto huu ulifika wapi ulipojaa kuliko siku zote?"

Vijana walionyesha ukingo. Mbuvi alikataa kwa kichwa. "Nyinyi hamkuona mvua ya El Nino. Mwulizeni Kasiva."

Kasiva alichukua majivu. Mwaka ule aliukumbuka vizuri. Nzau alikuwa hai. Alimbeba Musyimi mabegani, na Kasiva akashika mkia wa ng'ombe ili asianguke. Walisimama juu kwenye mawe wakiangalia maji yanaingia nyumbani mwao kwa dirisha. Baada ya mvua walifukua matope wakicheka, kwa sababu walikuwa vijana na ukuta ulikuwa umesimama.

Alianza kuchora. Mstari ulipita ukingo. Ulipita zizi. Mkono wake ulifika kwenye punje ya nyumba yake, ukasimama. Watu wote walikuwa wanamtazama. Kasiva alivuta pumzi, akapitisha mstari juu ya punje na kwenda mbele kidogo.

"Hapa," alisema. "Yalifika hapa. Na wakati huo mchanga ulikuwa mwingi mtoni. Siku hizi sijui yatafika wapi."

Alisimama, akajipangusa mikono. Kisha aliinama tena, akaokota lile haragwe na kulirudisha lilipokuwa.

Ule mstari ulionyesha jambo lingine pia. Watu wote walidhani kwamba wakati wa mafuriko watakimbilia shuleni. Lakini njia ya shule ilipita kwenye korongo, na korongo lilikuwa ndani ya mstari wa majivu.

"Kama mngekimbilia shule, mngekimbilia maji," Kaluki alisema.

Walichagua kamati ya kijiji, wakaamua kwamba mahali pa kukutana ni kanisani, mlimani. Mchungaji alikubali. Ufunguo mmoja ulibaki kwake, na wa pili akapewa Kanyiva, ambaye alikaa karibu na barabara. Waliamua nani atampitia Mutunga na nani atampitia mama aliyejifungua juzi. Hirsi, mwenye duka la vifaa Matiliku, alisema lori lake litabeba chakula na maji kutoka kaunti hata barabara nyingine zikikatika. "Mimi nimetoka Garissa," alisema. "Mafuriko ya Mto Tana nimeyaona nikiwa mdogo. Niiteni saa yoyote."

Ilibaki habari ya onyo. Mbuvi alipewa nambari za simu za watu wa vilima vyote.

"Na netiwaki ikipotea?" Kasiva akauliza. "Mvua ikinyesha huwa inapotea."

Kaluki alimgeukia Mbuvi. "Mzee, ile nduru ya zamani inaweza kufundishwa?"

Mbuvi alicheka kidogo. "Inafundishika. Haitoki kooni. Inatoka huku tumboni."

Kwaya ya kanisa, yenye wasichana wa kila kilima, ndiyo iliyojifunza. Jumapili baada ya ibada, Mbuvi aliwasimamisha mlimani, akawaonyesha namna ya kupumua na namna ya kuvuta neno la mwisho ili upepo ulichukue. Mwanzoni walicheka. Baadaye waliacha kucheka.

Siku ya mazoezi, Kasiva alikaa uwanjani kwake na kiondo alichokuwa anasuka. Alijua ni mazoezi. Hata hivyo sauti iliposikika mbali, juu kabisa, mikono yake ilisimama. Kilima cha pili kikajibu, kisha cha tatu. Sauti zilikuwa za wasichana, si za Mbuvi, lakini maneno yalikuwa yaleyale. Mto unakuja. Pandeni. Mto unakuja.

Kasiva aliwaona wenzake wa zamani kana kwamba wako mbele yake. Wengi wao walikuwa wamekwisha kufa. Aliwaona na vibuyu vyao na vitambaa vyao vya kichwa, wanapanda ukingoni wakiitana. Alimwona Nzau anakuja mbio kutoka shambani kumtafuta. Alifuta macho, akachukua fimbo, akapanda mlima kwenda kanisani kama wengine.

Musyimi alimkuta njiani.

"Mwaitu, umekuja."

"Nimekuja. Mvua za Machi zikianza, nitalala kwenu. Mchana nitakuwa kwangu. Mvua zikiisha, narudi."

"Sawa, mwaitu."

"Usifikiri nimehama."

"Sijasema umehama."

Mwezi wa Machi redio ilitangaza kwa Kikamba kwamba mvua itakuwa kubwa kuliko kawaida. Chifu alipata ujumbe huohuo kutoka kaunti, akaupeleka kwa kila kilima. Kasiva alifunga vitu vyake kama Kaluki alivyowaeleza: kitambulisho na kadi ya hospitali ndani ya mfuko wa plastiki, dawa yake ya presha, shuka, na chupa ya maji. Aliongeza picha ya Nzau. Mfuko alimpa Kanyiva, naye akautundika karibu na mlango wake.

Mvua ilinyesha kwa wiki nzima. Kila asubuhi Kasiva alishuka kwake kuangalia mbuzi na kupika chai yake mwenyewe. Mchana mmoja, mvua ikiwa imetulia kidogo, alikuwa jikoni aliposikia nduru.

Safari hii haikuwa mazoezi. Sauti zilikuwa fupi na zilifuatana haraka.

Alifungua zizi na kuwafukuza mbuzi kuelekea juu. Kisha akasimama. Ndani ya nyumba kulikuwa na kigoda cha Nzau, cha miguu mitatu, alichochonga mwaka walipooana. Kasiva alirudi mpaka mlangoni. Aliweza kukiona. Kilikuwa kule ukutani, chini ya dirisha.

"Mwaitu!" Kanyiva alikuwa anashuka njiani, anachechemea kwa ule mguu wake. "Mwaitu, njoo."

"Ni kigoda tu. Nakichukua sasa hivi."

"Mimi niliangalia punda," Kanyiva alisema. Alikuwa amefika, amemshika mkono, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Siku ile, niliangalia punda kwanza kabla ya kukimbia. Ndiyo maana maji yalinipata. Twende."

Kasiva alikitazama kigoda mara moja tena. Kisha akageuka.

Walipofika kwenye mawe ya juu walisikia kishindo. Kasiva hakugeuka nyuma. Waliendelea kupanda mpaka kanisani. Kanyiva akafungua mlango kwa ufunguo wake, kwa maana mchungaji alikuwa ameenda sokoni.

Watu waliingia wamelowa. Katibu wa kamati aliita majina nyumba kwa nyumba. Jina la Mutunga liliitwa, hakuna aliyeitika. Wote walitazama mlango. Walingoja. Hatimaye Mutunga aliingia ameshikwa mkono na jirani aliyepewa kazi ya kumpitia. Alikuwa amelala, hakuwa na habari yoyote. Mama mmoja alianza kuimba wimbo wa shukrani, na wengine wakamfuata.

Hakuna aliyekufa Kwa Mbithe. Kesho yake lori la Hirsi lilifika na unga, maharagwe na blanketi kutoka ghala la kaunti. Muuguzi aliyekuja na lori aliwapa dawa ya kutia katika maji ya kunywa, kwa sababu mashimo yote ya mtoni yalikuwa yamechafuka. "Hata maji yakionekana safi, yatieni dawa au yachemsheni," aliwaambia. "Maji hayo yanaweza kuleta kipindupindu."

Mto uliposhuka, Kasiva alienda kuona. Kaluki, aliyekuwa amekuja kuangalia hasara, alifuatana naye. Nyumba haikuwepo. Ulibaki msingi na kipande cha ukuta wa nyuma. Michungwa miwili ilikuwa imelala na mizizi juu.

Kasiva alikaa juu ya msingi. Alilia bila kujificha. Kaluki alikaa karibu naye.

"Pole, mwaitu," alisema.

"Nilitaka kuingia," Kasiva akasema. "Nilikuwa mlangoni. Ningeingia, ningechukua kigoda, ningekaa pale ndani kupumua kidogo. Najijua."

"Lakini hukuingia."

"Kanyiva alinivuta." Kasiva alipapasa tofali moja. Alama ya vidole vya Nzau ilikuwa bado inaonekana. "Alinivuta kama mtoto."

Baada ya mvua, kamati ilikutana tena na Kaluki. Hawakukutana ili kujisifu. Walisema yaliyoharibika. Vyoo vya kanisa vilikuwa vichache. Kilima cha tatu kilichelewa kupokea nduru kwa sababu wasichana wake walikuwa shuleni, kwa hivyo wazazi wao nao walipaswa kujifunza. Kaluki alisema kwamba mpango hufanyiwa mazoezi na kurekebishwa kila mwaka kabla ya mvua, maana watu huhama, watoto huzaliwa, na mto hubadilika. Watu wa vijiji vya chini walikuja pia kusikiliza. Mbuvi aliombwa aende kuwafundisha nduru. Alikubali, ila akataka abebwe kwa pikipiki.

Majirani walimjengea Kasiva nyumba mpya juu, karibu na mawe, nje ya mstari wa majivu. Musyimi alifyatua matofali. Kanyiva alileta maji ya kukandia udongo. Kasiva aliwatazama wakifanya kazi, akawaambia wazi kwamba nyumba hii haitakuwa kama ile. Musyimi alisema anajua.

Ndengu zilipokomaa, Kasiva alikuwa tayari amehamia. Asubuhi moja alikaa nje akipepeta kwa uteo ndengu kidogo za chakula cha mchana, huku Kanyiva akimfagilia uwanja. Jua lilikuwa limetoka sasa hivi. Aliinua macho ili apumzishe mgongo, akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona.

Aliona mto wote. Tangu kona ya juu chini ya kilima cha Mbuvi, ukapita mahali pa wanawake kuchotea maji, ukapita michungwa iliyobaki, mpaka unakopotea kuelekea Matiliku. Mchanga ulikuwa mweupe, umetulia. Maisha yake yote aliishi karibu nao mno, akaona kipande kimoja tu, kile cha mlangoni pake.

Aliweka uteo chini.

"Kanyiva," aliita. "Acha hiyo kazi kidogo. Njoo ukae hapa uone."